Santuri Iliyofunikwa na Kelele

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Katika soko la nguo na matunda methali hii yaweza kuwa kweli, maana mnunuzi hukiona kitu kwa macho, hukipapasa kwa mkono na kukinusa kwa pua kabla ya kutoa fedha yake. Katika soko la sanaa mambo si mepesi kiasi hicho. Sanaa hutaka muda wa kusikilizwa, na muda ni mali ambayo watu huitoa kwa ubahili kuliko fedha. Ndiyo sababu historia ya vitabu, picha na muziki imejaa vyema visivyojiuza, vikakaa rafuni miaka mingi mpaka akatokea mtu wa kuvipangusa vumbi.

Insha hii yakusudia kusimulia habari za chema kimoja cha namna hiyo. Ni santuri iitwayo The Key, yaani Ufunguo, iliyotolewa mwaka wa 1990 na bendi ya Nocturnus ya mji wa Tampa, katika jimbo la Florida, nchini Marekani. Santuri hiyo ina sifa mbili zisizopatana kwa urahisi. Ya kwanza ni ustadi wa wapigaji wake, ambao hata asiyeupenda muziki wao hawezi kuukana akiwa mwadilifu. Ya pili ni maneno ya nyimbo zake, ambayo yaweza kumchoma moyo mtu yeyote mwenye kuiheshimu dini. Kazi yenye mkono mwema na ulimi mkali yastahili hukumu gani? Swali hilo ndilo kiini cha maneno yatakayofuata.

Yafaa kwanza tuueleze muziki wenyewe, kwa kuwa si wasomaji wote waliowahi kuusikia. Waitwa dethi metali, maana yake metali ya kifo, nao ni tawi moja la ule muziki mzito wa magitaa ya umeme ulioenea Uingereza na Marekani tangu miaka ya 1970. Katika tawi hili nyuzi za magitaa hulegezwa ili sauti ishuke chini. Mpiga ngoma hutumia miguu yote miwili kuipiga ngoma kubwa kwa mwendo wa cherehani. Na mwimbaji habembelezi masikio, bali hunguruma kutoka katika vilindi vya koo. Habari zinazoimbwa ni kifo, maradhi, vita, kiyama na ugomvi na dini. Mwaka wa 1985 bendi ya Possessed ya California ilitoa santuri ya Seven Churches, na mwaka wa 1987 bendi ya Death, iliyoanzishwa Florida na Chuck Schuldiner, ikatoa Scream Bloody Gore. Wengi huzihesabu santuri hizo mbili kuwa mawe ya msingi ya nyumba hii.

Mtu alisikiapo jina la Florida hukumbuka fukwe, mashamba ya machungwa na wazee waliostaafu wakiota jua. Ni ajabu basi kwamba nchi ya jua kali kama hiyo ndiyo iliyokuwa makao makuu ya muziki wa giza. Sababu moja kubwa ilikuwa studio. Mjini Tampa ndugu wawili, Jim na Tom Morris, walifungua mwaka wa 1981 studio iitwayo Morrisound, na humo mafundi walijifunza jambo ambalo wengine hawakuliweza, yaani kuinasa kasi kubwa na sauti nzito bila ya kila kitu kugeuka tope. Habari zikaenea, na vijana wakamiminika. Katika mwaka huo mmoja wa 1990 zilitoka santuri nne zilizonaswa Morrisound: Spiritual Healing ya Death, Cause of Death ya Obituary, santuri ya kwanza ya Deicide, na Eaten Back to Life ya Cannibal Corpse, waliosafiri kutoka Buffalo, mji ulio mbali kaskazini, kuja kuifuata studio hiyo. Katika msongamano huo ndipo Ufunguo wetu ulipozaliwa, na humo humo ndimo ulimofunikwa.

Mwanzilishi wa Nocturnus ni Mike Browning, mpiga ngoma ambaye alikuwa pia mwimbaji. Kabla ya hapo alikuwa mmoja wa waliokuwamo katika bendi ya Morbid Angel siku za mwanzo wake, na sauti yake yasikika katika Abominations of Desolation, kazi iliyonaswa mwaka wa 1986 lakini isitolewe rasmi mpaka mwaka wa 1991. Alipoachana na wenzake hao, wao waliendelea, na mwaka wa 1989 wakatoa Altars of Madness, santuri iliyowapa jina kubwa ulimwenguni. Yeye alikuwa ameanza upya tangu mwaka wa 1987. Bahati ina kawaida ya kuwagawa marafiki: mmoja hupanda merikebu, mwingine hubaki bandarini akichonga mtumbwi wake. Mtumbwi wa Browning ulikuwa wa namna ya peke yake, maana aliutia kitu ambacho hakikuwa na mahali katika muziki ule, nacho ni kinanda.

Twaweza kushangaa leo kwamba kinanda kilikuwa neno la ugomvi. Lakini katika siku zile wapenzi wa metali nzito walikidhani kinanda kuwa chombo cha muziki wa dansi na nyimbo laini za redioni. Mwenye kukileta jukwaani alikuwa kama mtu aliyekwenda vitani amevaa hariri. Louis Panzer, mpiga kinanda wa Nocturnus, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kukifanya chombo hicho kiungo kamili cha bendi ya dethi metali, si pambo la kutangulizia wimbo na kisha kunyamazishwa. Mwaka wa 1988 bendi ilinasa kanda ya majaribio iliyoitwa The Science of Horror, yaani Sayansi ya Hofu, na jina hilo latosha kutuonyesha njia waliyoichagua: hofu ya kale iliyovikwa vazi la sayansi. Kampuni ya Earache ya Nottingham, Uingereza, iliyoanzishwa na Digby Pearson, ikawachukua, na The Key ikatolewa mwaka wa 1990, ikiwa na nyimbo 10 na jalada lililochorwa na Dan Seagrave, mchoraji ambaye picha zake zimepamba santuri nyingi za muziki huo.

Tuutazame sasa ustadi wenyewe. Wapigaji walikuwa watano: Browning katika ngoma na sauti, Mike Davis na Sean McNenney katika magitaa, Jeff Estes katika gitaa la besi, na Panzer katika kinanda. Jambo la kwanza linalomgusa msikilizaji mwangalifu ni majibizano ya magitaa mawili. Davis na McNenney hawakutosheka na kutia kipande kimoja cha gitaa la peke yake katikati ya wimbo, kama ilivyokuwa desturi. Katika wimbo mmoja waweza kupokezana mara kadhaa, huyu akipandisha na yule akishusha, kila mmoja akianzia pale mwenzake alipoachia, mithili ya malenga wawili wanaojibizana kwa beti. Kasi yao ni kubwa mno, lakini kila sauti yatoka imekamilika, wala haimezwi na ile inayoifuata. Kasi pekee si ufundi. Hata mkimbizi huenda mbio. Ufundi ni kwenda mbio na huku umebeba maji kichwani bila ya kumwaga tone.

Jambo la pili ni ujenzi wa nyimbo. Nyimbo nyingi za muziki maarufu hurudia kiitikio mpaka msikilizaji akikariri. Nyimbo za santuri hii husafiri. Huanza mahali pamoja, hupinda, hupunguza mwendo, hukimbia tena, na mara nyingi hufika mwisho mbali na pale zilipoanzia. Msikilizaji wa mara ya kwanza huona msitu mtupu. Wa mara ya tatu huanza kuziona njia. Wa mara ya kumi hutambua kwamba kila mti ulipandwa kwa kusudi. Kinanda ndicho kimwongozacho katika msitu huo. Mara husimama nyuma ya magitaa kama ukungu wa asubuhi, mara hutangulia mbele na kutangaza kwamba sura mpya ya kisa imefunguliwa. Pasipo kinanda, habari za nyota na mashine zilizo katika nyimbo zingekuwa maneno tu. Kwacho zimepata anga la kuishi.

Jambo la tatu ni kazi ya Browning mwenyewe. Kupiga ngoma kwa viungo vinne katika muziki wa kasi namna hiyo ni kazi ya mtu mzima mmoja. Kunguruma maneno wakati huo huo ni kazi ya mtu wa pili. Yeye alizifanya zote mbili. Mtu aweza kusema kwamba sauti yake haina uzito wa waimbaji wengine wa siku zile, na katika hilo hatakuwa amesema uongo. Lakini kwa kuwa ulimi na mikono ni vya mtu mmoja, maneno yanashikamana na mapigo kwa namna isiyopatikana kwa urahisi pale ambapo kazi zimegawanywa.

Hiyo ndiyo habari ya mkono. Tuje katika habari ya ulimi. Majina ya nyimbo yenyewe yatoa onyo: Lake of Fire ni Ziwa la Moto; Droid Sector ni eneo la watu wa mashine; Andromeda Strain ni jina la riwaya ya Michael Crichton ya mwaka wa 1969, ihusuyo kijidudu hatari kilichofika duniani kutoka angani; na Destroying the Manger ni Kuangamiza Hori. Hori hilo ni lile la Bethlehemu ambamo, kwa habari za Injili ya Luka, mtoto Yesu alilazwa. Katika nyimbo hizo kuna kisa cha kiumbe aliye nusu mtu na nusu mashine, ambaye huzivuka zama kurudi nyuma hadi mwanzo wa tarehe ya Kikristo ili amwangamize mtoto yule na kuifuta dini kabla haijazaliwa.

Hapana haja ya kupunguza ukali wa jambo hili. Kwa Mkristo ni kufuru iliyo wazi, na kwa Mwislamu, ambaye Isa bin Maryam ni mtume wake vilevile, si jambo la kuchekelea. Wala hatuwezi kuwatetea kwa kusema kwamba hawakujua walisemalo. Walijua, na walikusudia kuudhi. Kuudhi ilikuwa sarafu halali ya soko lile. Jirani zao Deicide walijiita kwa jina lenye maana ya kumwua Mungu, na mwimbaji wao alijichoma alama ya msalaba uliopinduliwa katika paji la uso. Katika soko la namna hiyo anayenong'ona hasikiki.

Zaidi ya hayo, zilikuwa siku ambazo Marekani nzima ilikuwa ikibishana juu ya maneno ya nyimbo. Tarehe 19 Septemba 1985 kamati ya Seneti mjini Washington ilisikiliza ushahidi wa wazazi waliotaka santuri zitiwe alama za onyo, na ushahidi wa wanamuziki waliopinga, miongoni mwao Frank Zappa, John Denver na Dee Snider. Katika mwaka wa 1990 alama hiyo ya onyo ilipewa sura moja rasmi. Mwezi wa Juni mwaka huo huo hakimu wa mahakama ya shirikisho katika Florida alitamka kwamba santuri moja ya kundi la 2 Live Crew ilikuwa chafu mbele ya sheria, hukumu iliyotenguliwa na mahakama ya rufani mwaka wa 1992. Katika majira ya joto ya mwaka huo tena, bendi ya Judas Priest ya Uingereza ilisimama mbele ya hakimu huko Reno, Nevada, ikidaiwa kwamba maneno yaliyofichwa ndani ya wimbo wake yaliwasukuma vijana wawili kujipiga risasi. Hakimu akaona kwamba dai hilo halikuthibitika. Hivyo The Key ilitoka katika mwaka ambao masikio ya wakubwa yalikuwa wazi kwa maneno na yamezibwa kwa muziki.

Kwa nini basi santuri hii haikupata sehemu yake ya jina? Twaweza kutaja sababu tatu. Ya kwanza ni msongamano: ilitoka pamoja na kazi nyingine kubwa, na penye miembe mingi embe moja halionekani. Ya pili ni kinanda, kilichowafanya wengine waione bendi kuwa ya kigeni katika nyumba yake yenyewe. Ya tatu ni mfarakano, ugonjwa wa kale wa kila ushirika. Mwaka wa 1992 bendi ilitoa santuri ya pili, Thresholds, akiimba Dan Izzo huku Browning akibaki katika ngoma. Kisha mwanzilishi na wenzake wakaachana, na haukupita muda mrefu bendi ikavunjika. Mwaka wa 2000 jina la Nocturnus lilionekana tena juu ya santuri ya Ethereal Tomb, lakini yeye hakuwamo. Kazi isiyo na mtu wa kuisimamia ni kama yatima katika nyumba ya arusi: hakuna anayemchukia, wala hakuna anayemkumbuka kwa sahani ya wali.

Tena, wakati huo mawimbi yalikuwa yamegeuka. Katika miaka iliyofuata bendi za Norway zilitia vinanda kwa wingi katika metali yao. Emperor, kwa mfano, walitoa In the Nightside Eclipse mwaka wa 1994, na vinanda vyao vikasifiwa. Kilichokuwa kioja Tampa mwaka wa 1990 kilikuwa desturi huko Ulaya muda mfupi baadaye. Aliyeifyeka njia hakuwa yeye aliyetembezwa juu yake kwa shangwe.

Sasa turudi kwenye hukumu. Wako watu wa aina mbili wanaoikosea santuri hii. Wa kwanza ni yule aisikiaye habari ya hori, akafunga mlango asitake kusikia zaidi. Hatumlaumu kwa kuudhika, maana kuudhika ni haki yake, lakini amekosa kuujua mkono kwa sababu ya kuuchukia ulimi. Wa pili ni yule asemaye kwamba maneno si kitu, tusikilize magitaa tu. Huyu ajiona mkarimu, kumbe ndiye aliyeidharau kazi zaidi, kwa kuwa amewatendea wasanii kama watoto wanaopayuka, ambao usemi wao hauhesabiwi. Kazi ya sanaa ni mwili mmoja; atakaye kuipima hana budi kuiweka nzima katika mizani.

Tukiiweka nzima, twaona jambo ambalo watunzi wenyewe huenda hawakulikusudia. Mtu aungaye mashine na mwili, akazivuka karne 20 za wakati ili kumwua mtoto mchanga katika hori, ametoa ushahidi gani juu ya mtoto huyo? Ameshuhudia kwamba katika watoto wote waliopata kuzaliwa, huyu ndiye aliyeugeuza ulimwengu. Hakuna apelekaye jeshi kwenda kubomoa kibanda kitupu. Herode wa Injili ya Mathayo alifanya vivyo hivyo: kwa kuwaua watoto wa Bethlehemu alikiri kwa upanga kile alichokikana kwa kinywa. Tena kisa kina fundo la kiakili. Ikiwa msafiri afaulu, dini haitakuwako. Ikiwa dini haitakuwako, chuki yake haitakuwa na sababu. Na isipokuwa na sababu, hatafunga safari. Ushindi wake waufuta mwanzo wake. Hata jina la wimbo mmoja, BC/AD, lakubali kwamba miaka yote yahesabiwa kutoka katika kuzaliwa kule kule. Mwasi hana kalenda nyingine.

Si kwamba fumbo hili laigeuza kufuru kuwa ibada. La hasha. Lakini laonyesha kwamba maneno yale si matusi matupu yaliyobandikwa juu ya muziki. Ni kisa chenye mwanzo na mwelekeo, jamaa ya zile hadithi za kubuni za sayansi zilizowashika watu wa kizazi kile. Mwaka wa 1984 filamu ya The Terminator ilikuwa imekwisha kuonyesha mashine iliyorudishwa nyuma katika wakati ili imwue mama wa mwokozi kabla hajamzaa. Na kisa kilihitaji muziki wa namna ile ile uliokibeba: wa kuruka kutoka zama hadi zama, wa kuvunja mwendo na kuuanza upya. Ndiyo maana mkono na ulimi wa santuri hii havitenganiki. Aliyeziandika nyimbo kama safari aliwapa wapigaji sababu ya kusafiri.

Wakati, ambao huyafukia mengi, mara nyingine hufukua. Browning aliendelea kuzipiga nyimbo za zamani pamoja na kundi lake la After Death, ambalo baadaye lilichukua jina la Nocturnus AD. Mwaka wa 2019 wakatoa santuri iitwayo Paradox, yaani kitendawili kijipingacho chenyewe, iliyokiendeleza kisa kilichoachwa miaka 29 nyuma. Na mwaka wa 2024 wakatoa Unicursal. Mhusika wa kisa anaitwa Daktari Magus, na magus ni neno la umoja la wale Mamajusi ambao katika Injili walilifuata nyota wakiwa na zawadi. Mjusi wa kale alimwendea mtoto kwa dhahabu. Huyu wa sasa amwendea kwa silaha. Lakini wote wawili njia yao ni moja. Nao vijana wa leo, kama Blood Incantation wa Denver, hupata sifa kubwa kwa kuchanganya dethi metali, vinanda na habari za anga, na wasikilizaji wao waulizapo nani alitangulia, hurudishwa Tampa mwaka wa 1990.

Methali ya wahenga haijafa, ila yataka kukamilishwa. Chema chajiuza, lakini hujiuza kwa msikilizaji mwenye subira, na pengine mnunuzi huyo huchelewa kuzaliwa. Kusikiliza si kukubali, kama vile kusoma mashitaka si kutenda kosa. Mwenye imani thabiti hapotezi imani yake kwa kuusikia ukelele wa mwasi. Pengine hutoka ameijua vizuri zaidi, kwa kuwa ameona ni kiasi gani cha nguvu, ufundi na miaka kilichotumiwa na mtu kupigana na hori moja la kulia ng'ombe. Na mpenzi wa muziki, akiwa na imani au bila ya imani, atapata humo dakika takriban 50 za kazi ya vijana watano waliotenda kwa vidole vyao zaidi ya yale ambayo soko la siku zao liliweza kuyasikia.